Waya wa almasi au mashine ya mihimili mitano kwa mawe yanayoshikana?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama roboti yenye waya wa almasi (waya wa chuma wenye shanga za almasi zinazosaga jiwe) inaweza kuchukua nafasi ya mashine ya mihimili mitano (ambayo kichongeo chake kinachozunguka husogea pande tatu na kuinama pande mbili) katika kukata mawe yanayoshikana bila saruji. Nimeendesha zote mbili katika karakana moja mjini Muscat, na kabla ya kuulizana bei ningekuomba uangalie kwanza umbo la uso unaotaka kuukata.

Waya uliovutwa ni mstari ulionyooka, kwa hiyo hukata uso bapa, au uliopotoka kama ubao ulionyeshewa mvua, lakini bonde la bakuli hauliwezi. Tena ukiusukuma kwa pupa hupinda ndani ya jiwe na kuacha tumbo katikati ya uso. Mawe mawili yenye matumbo hugusana mahali padogo tu, na mzigo wote hupita hapo.

Sisi tulijaribu dari bapa la Mfaransa Joseph Abeille, la mwaka 1699, ambalo kila jiwe lake huegemea majirani wawili na kuwabeba wawili wengine. Nyuso zake zote ni bapa, hata msumeno wa diski unatosha, ila kwa juu hubaki mashimo ya mraba, ambayo Padri Sébastien Truchet aliyaondoa kwa kuzipinda nyuso. Tulichonga mawe 49, saba kwa saba, na safu za mwisho zikakataa kuingia kwenye fremu inayoyabana mawe pembeni. Programu ya kompyuta iliyoongoza mashine ya mihimili mitano haikuwa na kosa: kichongeo kilikuwa kimelika, kila uso ukabakiza takriban milimita 0.15, yaani milimita 0.3 kwa jiwe na zaidi ya milimita mbili kwa safu. Tangu hapo nilikipima kila baada ya mawe matano na kuingiza kipenyo kipya.

Usahihi huo, hata hivyo, usiulipie kila mahali. Kuba la Armadillo lililojengwa Venice mwaka 2016 lilikuwa na mawe 399 yaliyopangwa bila saruji, mengine yenye unene wa sentimita 5 tu. Nyuso za kugusana zilikatwa kwa uangalifu mkubwa, lakini upande wa chini diski ilipitishwa mistari mistari, kisha vibamba vilivyobaki vikavunjwa kwa nyundo.

Na fremu ya pembeni iwe ya chuma au zege. Ya kwetu ya mbao ilitanuka tulipoondoa mirunda, na dari likabonyea katikati.