Jibu: Biskuti za sikukuu "za afya" na watoto. Punguza, usibadilishe!

Dada, kabla hujakanda chochote, hiyo asali irudishe kabatini. Tena iweke rafu ya juu kabisa.

Umeandika kwamba unajiandaa kupika biskuti za sikukuu na watoto wako, wa miaka 7 na wa miaka 4, na safari hii ziwe za afya: sukari yote itoke iingie asali, siagi yote itoke iingie ndizi mbivu, unga mweupe utoke uingie usiokobolewa, na mdogo wa miezi 8 naye aonjeshwe. Ukauliza kuhusu maumbo, mapambo yasiyo na rangi za dukani, na kama donge linaweza kulala kwenye friji. Nimesoma nikashika kichwa. Hayo mabadiliko matatu kwa mpigo ndiyo niliyofanya mimi, kwa mpangilio huohuo, na nina hakika tumetazama video moja.

Kwanza huyo mdogo. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 hapewi asali, hata iliyookwa ndani ya biskuti. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu inayolegeza misuli, na joto la oveni ya nyumbani haliziui. Hili halina mjadala.

Sasa nije kwenye maafa yenyewe.

Yule mama wa kwenye video, jiko jeupe pee, watoto wamevaa aproni zisizo na doa hata moja (hapo tu nilipaswa kushtuka), alisema maneno haya: badilisha tu kiasi kwa kiasi, hutaona tofauti. Kikombe cha sukari, kikombe cha asali. Siagi gramu hizi, ndizi gramu hizihizi. Akachomoa trei, biskuti zimenyooka kama zimepigwa pasi. Mimi hadi leo naamini zile alizichomoa kwenye pakiti.

Sukari kwenye biskuti haikai pale kwa ajili ya utamu peke yake. Ukiipiga na siagi, chembe zake zinachimba vitundu vya hewa ndani ya mafuta, na vitundu hivyo ndivyo vinavyofanya biskuti iwe nyepesi ukiiuma. Asali haina chembe za kuchimba chochote. Isitoshe, karibu asilimia 17 au 18 yake ni maji. Siagi nayo ni kama asilimia 80 mafuta, na kazi yake ni kuuvika unga ili usishikane ukawa wa kuvutika. Ndizi mbivu karibu robo tatu yake ni maji. Kwa hiyo umeondoa kinachozuia unga usivutike, umeleta maji yanayoufanya uvutike, halafu umewapa watoto wawili wenye mikono yenye nguvu waukande. Huo unga usiokobolewa una pumba zinazofyonza maji polepole, kwa hiyo mwanzoni donge linakuwa uji, unaongeza unga, bado uji, unaongeza tena, na baada ya muda linakuwa udongo wa kufinyangia.

Hatukuweza kukata umbo hata moja. Kila kibati kikiinuliwa, donge linainuka nacho, linavutika, linarudi chini limejikunyata. Mwanangu mdogo alikuwa na asali katikati ya vidole, akivifungua na kuvifumba kuona nyuzi zinavyonyooka, kisha akaenda kuvifutia kwenye pazia. Mkubwa alikuwa ameshaalika rafiki zake waje kula "biskuti nilizopika mimi".

Ndani ya oveni ndiyo kabisa. Asali inawahi kubadilika rangi kuliko sukari ya kawaida. Niliweka nyuzi 180 kama nilivyozoea, na muda ulikuwa haujafika nusu kingo zikawa nyeusi, huku katikati ukibonyeza kwa kidole kinabaki shimo. Nikazirudisha. Zikawa nyeusi zaidi na shimo halikuondoka. Wale wageni wadogo waliuma kipande kimoja kimoja, wakatazamana, wakaomba maji. Nilijitetea kwamba ni za kuimarisha taya. Hakuna aliyecheka, isipokuwa mama yao, naye alikuwa ananicheka mimi.

Unga, siagi ya dharura, gesi, hayo yote nilishasamehe. Kilichoniuma ni kwamba mpaka leo ukimwambia yule mkubwa chakula fulani kina afya, anauliza kwanza: "Kama zile biskuti?" Nimetumia miaka kumzoesha mboga, nikaja kuharibu kwa alasiri moja.

Na kinachonichoma zaidi, asali yenyewe haikuwa na faida niliyoiuziwa. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2015, linaiweka asali kundi moja na sukari ya mezani, pamoja na sharubati na juisi za matunda. Zote wanaziita sukari huru, na wanashauri zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ikiwezekana zishuke chini ya 5. Kijiko kikubwa cha asali kina takriban kalori 64, cha sukari takriban 50, kwa sababu asali ni nzito. Ni kweli ni tamu zaidi, unaweza kutumia kidogo, lakini video haikusema kidogo. Ilisema kiasi kwa kiasi! Yaani niliharibu sikukuu ya watoto ili niwaongezee kalori.

Kwa hiyo shika hili tu: punguza, usibadilishe.

Chukua mapishi ya kawaida unayoyajua. Yangu ni unga gramu 250, siagi 125, sukari 100, yai moja, bekingi pauda nusu kijiko cha chai, vanila, chumvi kidogo. Sukari ishushe kutoka 100 mpaka 75. Basi. Robo hiyo ikiondoka biskuti inabaki biskuti: inapigika, inasukumika, inakatika, inatanuka kidogo tu chini ya kawaida, jambo ambalo kwa biskuti za maumbo ni neema kwa sababu nyota inatoka oveni ikiwa bado nyota. Mdalasini na vanila zizidi kidogo ya kawaida, ulimi unadanganyika.

Halafu punguza ukubwa, na hapa ndipo penye siri yote. Mtoto anahesabu vipande, hapimi gramu. Ukimpa viwili anajua amepewa viwili. Kibati cha upana wa sentimita 5 badala ya 7.5, unene uleule, kinatoa biskuti yenye chini ya nusu ya donge. Ukijumlisha na ile robo ya sukari uliyoondoa, kila kipande kina kama theluthi ya sukari ya mwanzo, na hakuna mtu mezani aliyelalamika. Jaribu kupata theluthi kwa ndizi uone.

Vidogo vinaiva haraka, kwa hiyo nyuzi 180, chungulia kuanzia dakika ya 7. Ukubwa usichanganywe kwenye trei moja. Najua watoto watataka kutengeneza joka moja refu kwa mabaki. Joka lipate trei yake, la sivyo wakati unalisubiri liive vile vidogo vinaungua.

Unga usiokobolewa siukatai moja kwa moja. Robo ya unga wote, basi, na uache donge lipumzike friji nusu saa ili pumba zinywe maji. Lakini usiufanye siku hiyohiyo unayopunguza sukari. Mambo yakienda kombo utamlaumu nani? Mimi nilikuwa na washukiwa watatu na sikumjua mhalifu mpaka nilipokuja kupika upya jambo moja moja.

Kuna mtu hapo juu amekuambia uwaache watoto walambe bakuli kwa kuwa hutaweka yai. Ndugu, yai si peke yake. Unga wa ngano ni chakula kibichi, haujapikwa popote kabla ya kufika kwako. Marekani mwaka 2016 watu waliugua kwa bakteria wa E. coli waliotoka kwenye unga. Wape watoto kazi ya kukata na kupanga, mikono ioshwe, na bakuli ulioshe wewe.

Mapambo: usishushe sukari ndani halafu ukamwage sukari ya unga juu kwa kikombe, utakuwa umefanya kazi bure. Zabibu kavu moja katikati inatosha, na ikatwe vipande kwa wa miaka 4. Karanga na lozi nzima asipewe kabisa, zinaweza kumkaba.

Na ukiirudia ile video, soma maoni ya chini yake. Kuna watu kule wanauliza kwa nini donge lao limegoma kutoka kwenye kibati, na hakuna hata mmoja aliyejibiwa. Ukishapika, njoo useme ulipunguza nini, na kama huyo wa miaka 7 aligundua.