Re: Mama akipigwa nusu kaputi anapumuaje?

Dada pole na mawazo, umeuliza kama mama atapumua mwenyewe akifanyiwa operesheni hapo Moshi, mara nyingi hapana, maana wakishampa dawa ya kulegeza misuli hata ile ya kupumulia inalala, kwa hiyo wanampitishia mpira mdomoni mpaka kwenye koo la hewa halafu mashine inamsukumia hewa yenye oksijeni, na kidoleni wanambana kadude kanakosoma oksijeni kwenye damu. Akianza kuvuta pumzi mwenyewe vizuri wanautoa. Mimi koo liliniwasha siku mbili tu, basi.

Ila chakula masaa 6 kabla asiguse, hata uji! Akitapika usingizini yanaingia mapafuni. Mlinde bana, wamama wetu huku wanaibiaga chai ya maziwa 😅