Ufunguo kwenye ncha ya kanga

MASWALI YA WASOMAJI
Anajibu mwinjilisti mstaafu, Kongwa

*Shikamoo Mwinjilisti. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Nkuhungu, Dodoma mjini. Kwenye kikoba chetu tuko wanawake 24, wengi tunasali kanisa moja. Mweka hazina alikuwa rafiki yangu, ndiye aliyenisimamia harusi yangu. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu, ila ufunguo wa tatu ulipotea, kufuli ikakatwa, hatukununua nyingine. Zikabaki mbili: ufunguo mmoja wake, mmoja wangu.*

*Mwezi wa kumi nilikwenda msibani Mvumi siku nne, nikamwachia wangu. Desemba tulipofungua tugawane, zikakosekana shilingi 1,840,000. Alikiri akilia. Alimlipia mwanawe ada ya chuo, akitegemea mumewe alipwe kazi ya ujenzi. Mume hakulipwa.*

*Wenzangu waliponiuliza nilisema ufunguo wangu haujawahi kutoka kwenye ncha ya kanga yangu, labda alichongesha wa kwake. Yeye alinyamaza tu. Ametolewa kikundini, na mpaka sasa amerudisha 300,000. Mchungaji ananiambia nisamehe. Lakini kila Jumapili anakaa benchi la nyuma yangu, nikisikia sauti yake wimbo unanikauka mdomoni. Je, nikiikaribia Meza ya Bwana bila kumsalimia nakosa? Na kusamehe ndiyo kumrudishia ufunguo?*

*Niliyesalitiwa, Nkuhungu*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kuibiwa na mgeni kunauma siku mbili. Kuibiwa na aliyekufunga ushungi siku ya harusi ni jambo jingine kabisa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama palepale, kwenye ile ncha ya kanga. Umeipitia mbio, kama mtu anayevuka barabara ya Singida jioni. Aliiba, hilo halina mjadala. Lakini hebu mtazame akiwa amesimama mbele ya wanawake 23, amekiri, anatukanwa, na wewe uliyempa ufunguo kwa mkono wako unasema alichongesha. Angeweza kusema neno moja tu: “Alinipa mwenyewe.” Hakulisema. Mwizi wako amekusitiri, mwanangu, na mimi nashuku ndiyo maana sauti yake inakukausha wimbo.

Nakuandikia haya bila kukurushia jiwe, kwa sababu na mimi nina beberu wangu.

Nilikuwa kijana, mwinjilisti wa mtaa huku vijijini. Ikaja Jumapili ya mavuno. Watu wakaleta mtama, uwele, karanga, kuku wamefungwa miguu, na baada ya ibada tukafanya mnada chini ya mbuyu. Beberu mmoja mweusi alinunuliwa na mzee wa kanisa. Fedha alinipa mimi, kwa kuwa mtunza fedha alikuwa anagombana na kuku aliyechomoka. Nikazitia mfukoni niziandike baadaye. Sikuziandika. Nyumbani chumvi ilikuwa imekwisha na mtoto anakohoa, sababu haikosekani.

Jumatano mzee akaja, akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa, akaomba maji. Akanywa yote. Kisha akasema, “Mwalimu, nimesoma daftari. Beberu wangu simwoni.” Nikamjibu kwamba labda mtunza fedha alisahau. Ona nilivyomsukumia mwingine! Mzee akaaga, akaenda zake, hakumwambia mtu. Wiki tatu nilihubiri nikiwa natazama dirisha. Ya nne nikauza mtama wangu, nikaenda kuandika: beberu mmoja, na jina la aliyekawia kumlipia.

Mzee hakunikumbatia. Alisema, “Vema. Kesho tunapalilia kwangu, njoo tule.” Nikala ugali na mlenda kwenye sahani moja naye. Lakini sadaka alinizuia kuigusa misimu miwili. Wakihesabu, mimi natoka nje. Nilimkasirikia mwanzoni. Baadaye nikaona alivyonipenda, maana mfukoni mwangu bado palikuwa na njaa ileile.

Kwa hiyo swali lako la mwisho nalijibu kwanza: hapana. Kusamehe hakuna ufunguo ndani yake. Msamaha unampa mahali pa kuketi. Ufunguo ni kazi ya kikundi na katiba yake. Wala kumdai zilizobaki si kukosa msamaha. Walawi 6 inataka aliyedhulumu arudishe na sehemu ya tano juu yake, na Zakayo mwenyewe alisema mara nne. Ninyi wekeni tu kiwango anachokiweza kila mwezi, kiandikwe.

Sasa Meza ya Bwana. Watu huwa wanaisoma Mathayo 5:23 kinyume. Wanadhani inamzuia mwenye kinyongo. Yesu anasema ukikumbuka kwamba ndugu yako *ana neno juu yako*, iache sadaka, nenda ukapatane naye kwanza. Rafiki yako ana neno juu yako. Kumsalimia “Bwana asifiwe” mlangoni hakutoshi hapo. Nenda kwake, mkiwa wawili, umwambie: “Ulinisaliti, na mimi nilikukana.” Kisha nenda kikundini ukaseme ufunguo ulikuwa wapi zile siku nne. Watakukasirikia. Huenda wakakulipisha sehemu yako. Lipa.

Nasema *nilikukana* kwa makusudi. Yohana 18 inasema usiku ule kulikuwa na baridi, watumishi wamewasha moto wa makaa, na Petro anakota hapo huku akimkana Bwana wake. Sura ya 21, pwani, wanafunzi wanashuka chomboni na kukuta tena moto wa makaa, safari hii na samaki juu yake. Mama yeyote anayepikia mkaa anajua harufu ile inavyorudisha mambo. Yesu hakumkwepesha Petro harufu ile. Alimlisha kwanza, halafu akamuuliza mara tatu kama anampenda, hesabu ileile ya kukana, mpaka Petro akahuzunika.

Na kuna mweka hazina mwingine, Yuda. Yohana anasema ndiye aliyeshika mfuko na alikuwa akiiba. Kinachonitisha mimi kwenye habari yake ni pale anaporudi hekaluni na vile vipande 30, anasema “Nalikosa,” na makuhani wanamjibu: “Basi, haya yatupasani sisi?” Amekiri kwa watu wa dini, wakamwonyesha mlango. Rafiki yako amekiri, mkamtoa. Sisemi mmemfanya Yuda. Nasema kikoba kinaweza kumtoa, lakini jumuiya yenu ya sala ya Alhamisi je, nani alimpitia akamwambia twende?

Anza wewe wiki hii, na usiende mikono mitupu. Chukua hata karanga. Mkimaliza maneno yenu, kaa mle. Machozi yakikosekana, msiyalazimishe.

Ufunguo wako mkabidhi mwenyekiti, na wewe pia upumzike msimu mzima. Na hiyo kufuli ya tatu, mwanangu, hata pale sokoni Majengo zipo. Nunueni.