Kwa nini .docx huvurugika ukiifungua kwenye LibreOffice

Ndugu, barua yako ya .docx (faili la Word) ya kurasa mbili ikigeuka tatu kwenye LibreOffice, programu huria ya ofisi, mara nyingi chanzo ni fonti (muundo wa herufi), si faili. Mfumo endeshi wa Linux hauji na Calibri, fonti ya Microsoft, kwa hiyo LibreOffice huweka fonti nyingine yenye upana tofauti, na mistari yote inasogea. Sakinisha Carlito: upana wa herufi zake ni sawasawa na wa Calibri. Badala ya Cambria, fonti nyingine ya Microsoft, weka Caladea.

Majedwali yakiendelea kuhama, hapo ni umbizo lenyewe, yaani namna faili linavyohifadhiwa. ODF, umbizo la LibreOffice, ilikubaliwa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwaka 2006, na OOXML ya Microsoft, umbizo la .docx, mwaka 2008, lakini kwa kawaida Word bado huhifadhi .docx kwa aina ya mpito, iliyobeba mazoea ya matoleo ya zamani. Kama mwenzako anasoma tu, tafadhali mtumie PDF.