Vitabu vya Monk: mkuu, usitume hiyo hela kwanza

Mkuu, simama hapohapo. Umesema umemaliza misimu yote 8 ya Monk, ile tamthilia ya Kimarekani ya mpelelezi mwenye hofu ya kila kitu, umemmisi jamaa, sasa unataka kuagiza vitabu vyake vyote 19 kwa mpigo. Unauliza kama wa kitabuni ni yuleyule wa kwenye TV. Salamu baadaye. Huo ujinga nilishaufanya mimi, laki nne na ushee, mzigo nikalipia kwa kilo.

Kuna jamaa alinijaza upepo: "Ni Monk mtupu, kama unaangalia TV." Kumbe mwenyewe kaishia kwenye majalada. Popote ulipo ndugu yangu, Mungu anakuona.

Boksi lilifika usiku. Nikalipasua kwa kisu cha vitunguu, nikaanza na kile cha 2006, cha kituo cha zimamoto. Nasoma huku nasubiri niingizwe kichwani mwa Monk nione anavyounga mambo. Ukurasa wa kumi, wa ishirini... anayesema "mimi" ni Natalie, msaidizi wake! Jengo la Monk linapuliziwa dawa ya wadudu, anahamia kwa Natalie, na sisi tunamchungulia kutoka sebuleni kwa mfanyakazi wake. Nikasema labda ni hiki tu. Nikafungua cha pili: Natalie. Nikachomoa cha chini kabisa: Natalie. Saa sita usiku niko sakafuni, namkimbia mwanamke mmoja boksi zima kama mpangaji mwenye deni.

Sisemi vimeandikwa vibaya. Lee Goldberg, mwenye 15 vya mwanzo, aliandikia pia tamthilia yenyewe, na hicho cha zimamoto kikaja kuzaa kipindi cha TV mwaka 2007. Lakini kwenye TV, Tony Shalhoub anayemwigiza Monk akiinua ile mikono na kuinamisha shingo, Trudy, marehemu mke wa Monk, unamwona machoni mwake bila neno. Kitabuni lazima Natalie akusimulie, na Natalie analipwa kiduchu, kwa hiyo anakusimulia amenuna. Kuna wanaompenda Monk hivyo. Mimi sikutoa laki nne nisikilize kero za mtu na bosi wake, hizo nasikia kazini bure.

Tena usitegemee vilingane na TV. Sharona, msaidizi wa Monk kabla ya Natalie, alirudi kitabuni 2007 na mkasa wake, TV ikamrudisha 2009 na mkasa mwingine. Mimi na mke wangu tulibishana siku mbili, kila mtu na ushahidi wake mkononi.

Kitabu chochote cha tamthilia unayoipenda, kabla hujauliza bei, uliza NANI ANASIMULIA. Tafuta zile kurasa za mwanzo za bure mtandaoni, usome ishirini tu. Ukiona Natalie anavumilika, nicheki. Boksi liko chini ya kitanda, 16 sijavisoma hata mstari, na bei tutaelewana.