Mtungi ulioibuka nao si wako

Ndugu yangu, unauliza kama mtungi uliouokota kwenye meli iliyozama ulipopiga mbizi Mombasa sasa ni mali yako. Hapana. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, hata kama hakuna aliyekuona.

Tafadhali usiuanike! Chumvi iliyopenya ndani hugeuka fuwele na kuubambua. Utie kwenye ndoo ya maji ya bahari, andika uliukuta wapi na kina gani, uwapelekee watu wa Makumbusho pale Fort Jesus. Meli ya Kireno Santo António de Tanná iliyozama hapo 1697 ilipofukuliwa, kila kipande kilipimwa kilipolala. Wako umeshang'olewa, basi usirudie mwingine.