Nimeokoka, mbona bado nina wasiwasi? Majibu kwa walokole wapya

Nimesali sala ya toba mara tatu: shuleni, kwenye mkutano wa injili uwanjani, na tena mwezi uliopita. Ni ipi iliyoniokoa? (Dada, Bweyale)

Hakuna hata moja, dada. Anayeokoa ni Kristo. Sala ni mdomo wa imani tu. Wala Biblia haimdai mtu tarehe. Paulo alikuwa na siku yake, njiani kuelekea Dameski. Timotheo alifundishwa Maandiko tangu utoto, na imani ile ilikuwa imekaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5, 3:15). Siku aliyoamini haijaandikwa popote.

Hapa usemi wetu unatuponza kidogo. Tumezoea "nimeokoka", kana kwamba mtu aliruka shimoni kwa miguu yake. Hata "mlokole", yaani aliyeokoka, ni neno la Kiganda, lililoenea na uamsho wa miaka ya 1930. Si vibaya kulitumia, ila Waefeso 2:8 inasema "mmeokolewa kwa neema": kuna aliyetenda, nawe umetendewa. Sikiliza pia hiyo "-me-". Jambo limekwisha kufanyika, na matokeo yake yapo hadi leo.

Basi wito ujao wa kuja mbele ukitolewa, kaa kitini. Hofu ikikushika, fungua 1 Yohana 5:11-13 usome kwa sauti. Yohana anasema ameandika "ili mjue" kwamba mna uzima wa milele. Hakusema mbahatishe. Baada ya ibada, mwombe mama mmoja aliyekomaa katika imani akusikilize nusu saa. Itakufaa kuliko sala ya nne.

Wiki za kwanza nililia kwa furaha. Sasa moyo umekauka. Je, Mungu ameniacha? (Fort Portal)

Usiku wa Pasaka kule Misri, damu ilipakwa kwenye miimo ya mlango. Ndani ya nyumba zile, bila shaka kuna mzaliwa wa kwanza aliyelala usingizi mzito na mwingine aliyetetemeka hadi alfajiri. Wote wawili waliamka hai, kwa kuwa Mungu alisema ataiangalia damu (Kutoka 12:13), si utulivu wa mtu.

Hisia hufuata usingizi, njaa, hata malaria. Elia alipotamani kufa, Mungu alimlaza, akamlisha mara mbili, ndipo akasema naye (1 Wafalme 19). Lala vizuri, kisha soma Injili ya Marko sura moja kila asubuhi. Ziko 16, utamaliza kwa wiki mbili na ushee. Usianze na Ufunuo. Wala usijitwishe mfungo mkavu wa siku tatu ili furaha irudi: kizunguzungu cha kukosa maji si upako.

Niliacha waragi miezi minne. Jumamosi nikalewa stejini. Niokoke upya? (Mwendesha boda, Kasese)

Hapana, ndugu. Tubu. Petro alimkana Bwana mara tatu, na Yesu hakumwanzisha upya, alimwuliza, "wanipenda?" (Yohana 21). Mtoto aliyevunja chungu hafutwi ukoo, ingawa chakula cha jioni hiyo hakina raha.

Ungama kwa kuitaja dhambi: sema "nililewa", si "kama nimekosa, nisamehe". Ahadi iko 1 Yohana 1:9. Ukishaungama, ziba njia uliyopitia. Kama ni pesa ya Jumamosi jioni, iweke kwenye SACCO au uitume nyumbani kabla ya saa kumi na moja. Kama ni steji, hamia nyingine. Mwambie mwanamume mmoja mkomavu, akupigie simu kila Jumamosi. Kusimama mbele ya kanisa zima si lazima: ungamo lienee kadiri dhambi ilivyoenea. Na yeyote anayekunywa kila siku kwa miaka asiache ghafla peke yake, maana mwili unaweza kuingia degedege. Aanzie kituo cha afya.

Wakristo hawakubaliani kama aliyeokolewa kweli anaweza kupotea. Wanaomfuata Calvin, mwanamageuzi wa kanisa wa karne ya 16, husema hawezi. Wanaomfuata Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, husema anaweza kuiacha imani. Lakini pande zote mbili zitakwambia kwamba anguko moja lenye toba si kupotea. Waebrania 6:4-6 huwatisha wengi, nayo yanahusu waliomgeuzia Kristo kisogo. Anayestahili kuogopa ni yule anayelewa kila wiki na kulala fofofo.

Mhubiri wa redioni anasema nitume mbegu ya shilingi 50,000 ili wokovu wangu utiwe muhuri. (Busia)

Usitume. Muhuri ni Roho Mtakatifu, naye hutolewa kwa anayeamini (Waefeso 1:13). Simoni alipotaka kununua kipawa cha Mungu, Petro alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:20). Sadaka ni shukrani, na bei haina.

Nikiwa mweka hazina wa kikundi cha akiba nilijichukulia shilingi 350,000. Nikizirudisha, ndipo nitakuwa na uhakika? (Masindi)

Zirudishe, lakini usizifanye nauli ya mbinguni. Kwa Zakayo, Yesu aliingia nyumbani kwanza. Ahadi ya kurudisha mara nne ikafuata (Luka 19). Walokole wa kwanza hapa Uganda walijulikana kwa kurudisha walivyoiba, wakiwa tayari wamesamehewa.

Pesa ziende kwa kikundi, si kwenye kapu la kanisa. Hesabu 5:7 iliagiza mkosaji arudishe yote na kuongeza sehemu ya tano: kwako ni 70,000, jumla 420,000. Si sharti la wokovu, ila ni kipimo kizuri, kwa kuwa wanachama walikosa faida ya pesa zao. Huna zote? Andikianeni 70,000 kwa miezi sita, mbele ya mwenyekiti na shahidi mmoja. Sema ulichochukua wewe tu. Kama mwenzako naye alichota, mwachie aseme mwenyewe. Wanaweza kukuvua cheo, au kwenda polisi. Ukiwa umesamehewa na Mungu, bado kikundi kina haki ya kuamua.